Mlima Ndani ya Trei: Mawe ya Saruji na Mimea ya Kwenu

Mandhari ya trei ni kipande cha nchi kilichopandwa kwenye chombo kipana chenye kina kifupi: miti michanga, nyasi, kuvumwani (mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia juu ya mawe yenye unyevu) na mawe, na hapa tunazungumzia mawe ya kutengeneza kwa mkono. Maswali mengi safari hii yanaulalamikia mmea. Ukiyasoma vizuri, mmea hauna kesi; kesi iko kwa jiwe, au kwa udongo.

SWALI: Nilitengeneza jiwe la saruji, siku ya tano nikapanda miti midogo pembeni yake. Sasa majani mapya yanatoka ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nimeongeza mbolea na hali imezidi. Nifanye nini?

JIBU: Hiyo si njaa, ni chokaa. Saruji inaposhika huzalisha chokaa, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye jiwe bichi yanaweza kufika pH 12 (pH ni kipimo cha asidi na alikali; 7 ni katikati, juu yake ni alikali). Mimea mingi inataka udongo wa pH 5.5 hadi 7. Ikipanda juu sana, madini ya chuma yanabaki udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua, ndiyo maana jani jipya linakuwa njano na mishipa inabaki kijani. Mbolea uliyoongeza imekuwa chumvi juu ya mizizi iliyokwisha kuungua.

Toa mimea leo. Pukuta udongo wote uliogusa jiwe, suuza mizizi, panda kwenye mchanganyiko mpya na uiweke kivulini wiki mbili. Jiwe lenyewe litumbukize kwenye ndoo hadi lizame, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili kwa wiki tatu. Kisha lisugue, liache kwenye maji safi saa 24, na upime maji hayo kwa karatasi ya pH. Pima na maji yako matupu kwanza, maana maji ya bomba mengine yanaanza na 8 yenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, jiwe liko tayari. Yakisoma 10, lirudishe kwenye ndoo.

Siki, kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji, husafisha uso tu. Chokaa ya ndani itajitokeza tena ukishamwagilia mara kadhaa. Asiye na haraka aliache jiwe nje kwenye jua na mvua miezi miwili mitatu. Hewa ukaa hugeuza chokaa hiyo kuwa kalsiamu kaboneti, ambayo haina ukali huo kwa mizizi.

SWALI: Naomba vipimo vya jiwe jepesi. Langu la kwanza lilikuwa zito kama tofali, la pili likapasuka kabla sijalimaliza.

JIBU: Kwa ujazo, si kwa uzito: saruji vikombe 2, perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za kuoteshea miche) vikombe 3, unga wa makumbi ya nazi au mboji laini vikombe 3. Unga wa makumbi uchekeche, kisha uuloweshe na kuukamua *kabla* ya kuchanganya. Ukiuweka mkavu utanyonya maji ambayo saruji inayahitaji ili ishike, na huenda jiwe lako la pili lilipasukia hapo. Changanya vikavu kwanza, ongeza maji kidogo kidogo. Kipimo ni ngumi: ukikamua bonge, lishikane na kutoa matone mawili matatu. Likichuruzika maji, jiwe litakuwa dhaifu.

Uzito unaondolewa katikati. Chonga kiini kwa boksi jeupe la povu lile linalofungiwa vifaa vya umeme, kizungushie wavu wa kuku, kifunge kwa waya wa nondo, halafu paka mchanganyiko unene wa sentimita 2 hadi 3 juu yake. Vaa glavu za mpira na barakoa. Saruji mbichi huchoma ngozi taratibu, usikie maumivu jioni wakati kazi imekwisha.

Matundu ya kupandia yafanye sasa hivi, jiwe likiwa tope. Bonyeza shimo lenye ukubwa wa yai, kisha pitisha kijiti cha unene wa kidole kutoka chini ya shimo hadi nje ya jiwe, ukizungushe usiku ule ule kisigande. Shimo lisilo na njia ya maji ni kikombe cha kuozeshea mizizi, na kulitoboa baadaye kwa drili ndiko kunakopasua mawe mengi.

Funga jiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Baada ya saa 20 hadi 30 hivi, kutegemea joto, likwaruze kwa msumari. Msumari ukiacha mfereji safi bila kumong'oa kando, huo ndio wakati wa kuchonga, na hauzidi saa chache. Tumia bisibisi kuukuu, kisu na brashi ya waya. Ukimaliza lifunge tena wiki nzima, ulinyunyizie maji kila siku, kisha liache kivulini hadi litimize siku 28. Nyuzi za makumbi zilizochomoza kama ndevu zibabue kwa moto mdogo, jiwe likiwa limekauka kabisa. Lenye unyevu ndani linaweza kurusha vipande usoni.

SWALI: Jiwe langu ni imara, lakini yeyote anayeliona anasema "zege". Kosa liko wapi?

JIBU: Pengine ulichonga ukifuata kichwa chako. Weka mbele yako jiwe moja la kweli la aina unayoitaka na uliige hilo tu. Angalia kwanza mistari: kwenye mwamba wa matabaka, mistari yote inaelekea upande mmoja, na ikiinama inainama pamoja. Ukiwa na mawe matatu kwenye trei, moja lina mistari ya mlalo, la pili imesimama, la tatu halina kabisa, jicho linakataa mara moja hata kama mwenye jicho hajui sababu. Amua mwinamo mmoja, tuseme nyuzi 15, na mawe yote yaufuate.

Ufa wa kweli nao haulingani upana mwanzo hadi mwisho. Unaanza mpana, unabanwa, unakatika, unaendelea kidogo pembeni. Ukivuta kisu kwa mstari mmoja utapata alama ya kisu. Choma ncha ya bisibisi, izungushe, na uache kipande kimeguke chenyewe.

Rangi isipakwe juu, itabanduka. Tumia rangi ya unga ya oksidi ya chuma ndani ya mchanganyiko, isizidi asilimia 5 ya uzito wa saruji. Ikivuka 10 jiwe hupoteza nguvu. Andaa mafungu mawili yenye rangi tofauti kidogo na uyachanganye nusu nusu, yasikolee kuwa kitu kimoja. Jiwe likishakomaa, paka uji mwepesi wa saruji na rangi nyeusi kwenye nyufa, subiri dakika tano, pangusa sehemu zilizoinuka kwa sponji. Kivuli kitabaki ndani ya nyufa.

SWALI: Nataka kutumia mimea ya asili ya eneo letu tu. Nitajuaje ipi inafaa?

JIBU: Tazama jani kabla ya kutazama jina. Jani lisizidi sentimita moja na nusu, pingili ziwe fupi, shina liwe gumu mapema, mizizi iwe mingi na laini badala ya mzizi mmoja mnene unaoshuka. Mahali pazuri pa kuanzia ni nyufa za kuta kuukuu na kando za njia ambako mbuzi hupita. Kichaka kilichotafunwa miaka kumi kikaendelea kutoa majani madogo kimeshakufanyia jaribio. Kama kwenu kuna jamii ya mitini (Ficus) yenye majani madogo, anza nayo: hukubali kukatwa mizizi na kukumbatia jiwe, na jani hupungua ukubwa mti ukipata jua la kutosha.

Usichimbe mmea porini. Mti uliokomaa kwenye mwamba mara nyingi hufa ukishang'olewa, na kwenye hifadhi ni kosa la jinai. Chukua mbegu, au kata vipandikizi vya sentimita 8 hadi 10 kwa idhini ya mwenye ardhi. Kumbuka pia kwamba mishubiri karibu yote isipokuwa Aloe vera, okidi zote na mimea ya jamii ya Encephalartos (inafanana na michikichi mifupi) imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975. Kuivusha mpaka bila kibali kunaweza kukupeleka mahakamani.

Halafu kosa linaloua trei nyingi kuliko yote: kuweka mmea wa ukame na mmea wa kando ya mto kwenye udongo mmoja kwa sababu wanapendezana. Ukimwagilia wa kwanza anaoza, ukiacha wa pili anakauka. Kila trei iwe na kiu moja.

SWALI: Niliweka kokoto chini ya udongo ili maji yatoke haraka, lakini mizizi imeoza. Inakuwaje?

JIBU: Kokoto ndizo zilizokuponza. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe hadi ijae, ilaze bapa juu ya kiganja ungoje hadi matone yakome. Sasa isimamishe wima. Maji yatatoka tena. Sponji ni ile ile, kilichobadilika ni kimo. Udongo nao una tabaka la maji linaloning'inia chini na kukataa kushuka, na unene wa tabaka hilo unategemea ukubwa wa punje, si kina cha chombo. Kwenye ndoo ndefu hilo ni jambo dogo; kwenye trei ya sentimita 4 linaweza kuwa karibu udongo wote. Ulipoweka kokoto, tabaka hilo halikuondoka, ulilipandisha tu karibu na mizizi.

Dawa ni punje kubwa kuanzia juu hadi chini. Chekecha tofali la udongo lililochomwa na kupondwa, au jiwe povu (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu), ubaki na punje za milimita 2 hadi 5, umwage vumbi lote. Sehemu 3 za punje hizo kwa sehemu 1 ya mboji. Trei iwe na matundu ya sentimita moja, yaliyozibwa kwa wavu wa dirisha. Panapohitaji kina zaidi, jenga kilima nyuma ya mawe hadi sentimita 8 au 10. Ukingo wake ushikilie kwa udongo wa mfinyanzi na mboji, nusu kwa nusu, uliokandwa na kuvumwani kavu iliyokatwakatwa hadi unate kama ufinyanzi. Msimu wa mvua weka kabari chini ya upande mmoja wa trei. Sponji imeshakueleza kwa nini.

SWALI: Mti uwe na urefu gani ukilinganisha na trei, na niupande wapi?

JIBU: Mti mrefu kuliko yote ukaribie theluthi mbili za urefu wa trei, usimame theluthi moja kutoka ukingo, kamwe si katikati. Miti mikubwa mbele, midogo nyuma, nayo itaonekana iko mbali. Mashina matatu yasipangane mstari mmoja ukitazama kutoka mbele. Theluthi moja ya trei iache wazi, hata ikikuwasha mkono.

SWALI: Je, hii ni bonsai?

JIBU: Ni jamaa yake. Bonsai, sanaa ya Kijapani ya kukuza mti mdogo ndani ya chombo, kwa kawaida humtukuza mti. Hapa anayetukuzwa ni nchi. Mchoro wa ukutani katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai nchini China, la mwaka 706, unaonyesha mtumishi amebeba trei yenye mawe na mimea. Saikei, mtindo ulio karibu zaidi na mnaoufanya, ulianzishwa na Mjapani Toshio Kawamoto baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akitumia miche michanga mahali pa miti ya miaka mingi.

SWALI: Nimesaga kuvumwani na maziwa mgando nikapaka kwenye jiwe. Imeota ukungu mweupe.

JIBU: Maziwa hulisha ukungu. Chukua vipande vyembamba vya kuvumwani iliyoota juu ya jiwe au zege, si ya kwenye magome, maana kila aina imezoea mahali pake. Lowesha jiwe, paka utando wa udongo wa mfinyanzi, bandika na ubonyeze kwa kidole hadi kipande kisitikisike. Nyunyizia maji ya mvua asubuhi na jioni kwa wiki sita. Isifunike shina la mti, hapo huficha uozo.

SWALI: Trei ikishakamilika, niiache kwa muda gani kabla ya kuifumua?

JIBU: Miaka miwili hadi mitatu. Ishara ni maji kusimama juu kabla ya kuzama, au trei kuinuliwa na mizizi kutoka chini. Punguza theluthi moja ya mizizi, badilisha udongo, na mawe uyarudishe mahali pale pale. Piga picha kabla hujaanza, kwa sababu ukishayatoa hutakumbuka lipi lilielekea wapi.