Maswali ya Wasomaji: Je, Sala ya Kitabuni Imekufa?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mimi nimelelewa katika Kanisa Anglikana, nikabatizwa mtoto na kupata kipaimara nikiwa shule ya msingi. Tangu nilipoanza kazi, wakati wa mapumziko ya mchana husali pamoja na wenzangu ambao wengi wao ni walokole. Mmoja wao, dada ninayemheshimu sana, ameniambia kwamba Misa yetu ni maneno ya kukariri, kwamba Roho Mtakatifu hafungwi kitabuni, na kwamba Bwana mwenyewe alikataza jambo hilo aliposema, "msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa". Akaongeza kuwa liturujia ni mambo ya Wazungu tuliyoletewa na wamisionari. Nilikosa la kumjibu, maana ni kweli kwamba Jumapili nyingine midomo yangu huitikia huku mawazo yakiwa sokoni. Je, miaka yote hii nimekuwa nikisali au nikisoma tu?

Msomaji, Muheza

JIBU

Milele, amina, binti yangu. Nianze na aya hiyo, kwa kuwa mara nyingi hukatwa kabla haijafika mwisho. Ni Mathayo 6:7, na sababu ya katazo imetajwa papo hapo: watu wa Mataifa hudhani watasikiwa kwa ajili ya wingi wa maneno yao. Ukifika aya ya 9, Bwana anawapa wanafunzi maneno ya kusema, nayo ni Baba Yetu, sala fupi ambayo kila Mkristo anaijua kwa moyo, pamoja na huyo dada yako. Bwana mwenyewe alikulia katika Zaburi. Msalabani, saa ambayo mtu hana nafasi ya kutunga lolote, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", na Luka anasimulia kwamba alikata roho akitamka maneno ya Zaburi ya 31. Sijapata kumsikia mtu akidai kwamba kilio hicho hakikutoka moyoni kwa sababu mtunga zaburi alitangulia kukisema.

Ama kuhusu Wazungu, historia haikubaliani na rafiki yako. Mnamo mwaka 112 Plinio, gavana wa Kirumi huko Bithinia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, alimwandikia Kaisari kwamba Wakristo wa jimbo lake walikuwa na desturi ya kukutana siku maalumu kabla ya kupambazuka na kumwimbia Kristo kwa kupokezana. Na maneno "Inueni mioyo", ambayo unayaitikia kila Jumapili, yanatajwa pamoja na kiitikio chake, katikati ya karne ya 3, na Mwafrika: Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago, katika nchi ambayo sasa ni Tunisia, aliyekatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258. Wamisionari waliotuletea maneno hayo walikuwa wanalirudishia bara hili kitu ambacho Waafrika walikisema kabla Uingereza haijawa na askofu hata mmoja wa Canterbury.

Hata hivyo, dada yako ana hoja moja ambayo haifai kufichwa. Yustino Shahidi, aliyeandika akiwa Roma yapata mwaka 155, anaieleza ibada ya Jumapili hatua kwa hatua: watu wa mjini na wa mashambani wanakusanyika mahali pamoja, yanasomwa maandiko ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, anayeongoza anahubiri, wote wanasimama na kuomba, kisha unaletwa mkate, na divai iliyochanganywa na maji, naye kiongozi anatoa shukrani "kadiri ya uwezo wake", na watu wanaitikia Amina. Mashemasi huwapelekea wasiohudhuria sehemu yao. Angalia hayo maneno "kadiri ya uwezo wake". Kiongozi wa wakati ule hakuwa na kitabu cha Misa mkononi, na maneno ya shukrani aliyatafuta mwenyewe. Kilichokuwa kimekwisha kuimarika ni mpango wa ibada, yaani Neno kwanza na Meza baadaye, na mpango huo haujabadilika hadi leo, iwe Magila kwetu Waanglikana, Roma au Moshi kwa Walutheri. Vitabu vilifuata baadaye, pamoja na mambo mengine ili imani ya waumini isitegemee kipaji au usahaulifu wa mtu mmoja.

Wala kitabu hakijafungwa. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale, yaani kitabu cha Misa, kwa ajili ya majimbo ya Zaire, Kongo ya leo, ambamo mababu wema wanatajwa mwanzoni mwa ibada, na toba imehamishwa ikawekwa baada ya mahubiri, kusudi watu wajutie dhambi zao wakiwa wamekwisha kulisikia Neno, ndipo wapeane amani. Kwa maoni yangu utaratibu huo una mantiki nzuri kuliko wetu.

Sasa tuje kwa mawazo yaliyokwenda sokoni. Sipriani anasema padri huwaambia watu wainue mioyo kwa sababu hiyohiyo, ili kila wazo la kidunia liondoke na nia isimwelekee mwingine ila Bwana. Maana yake ni kwamba waumini wa Karthago nao mawazo yaliwatoroka, na kiitikio kiliwekwa mahali pale kiwaite warudi. Unapogundua katikati ya sala kwamba hukuwepo, usianze kujihukumu. Shika neno linalofuata na uendelee nalo, kwa kuwa waliokuzunguka walikuwa wanaisali sala hiyohiyo kwa niaba yako pia. Jumamosi jioni soma masomo ya kesho yake kwa sauti. Nasi mapadri tubebe sehemu yetu ya lawama, kwa sababu wako miongoni mwetu wanaoikimbiza sala ya Ekaristi kana kwamba wanawahi basi la Tanga.

Dada yako akikuuliza matunda ya ibada ya namna hii, mpeleke Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa palepale. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi, na mapokeo yanasema altare imesimama mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Mbele yake sakafuni kuna duara la marumaru linaloonyesha mahali hapo. Mwaka 1923 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwaambia waumini wenzake waliokusanyika London, watu waliopenda sana uvumba na tabenakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabenakulo ikiwa hawamhurumii Yesu katika vibanda vya maskini. Naye Yustino, katika maelezo yaleyale ya ibada, anasema sadaka ya Jumapili iliwaendea yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

SWALI

Padri, mchumba wangu anataka nibatizwe tena kanisani kwake kwa kuzamishwa, eti nilinyunyiziwa tu nikiwa mchanga. Nifanyeje?

Msomaji, Korogwe

JIBU

Usibatizwe tena. Suala hili liliamuliwa zamani, na Sipriani huyohuyo niliyemsifu hapo juu alikuwa upande ulioshindwa: yeye alitaka waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya, Stefano askofu wa Roma akakataa, na mwaka 314 mtaguso wa Arles ukaamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu harudiwi. Juu ya wingi wa maji, Didake, mwongozo wa Wakristo wa kale sana, unapendelea maji yatiririkayo, lakini unaruhusu kumiminwa maji kichwani mara tatu pale ambapo maji hayatoshi. Nenda kwenye parokia ulikobatizwa uombe daftari la ubatizo lifunguliwe, upate cheti, umwonyeshe mchungaji wake. Ikiwa jina lako halionekani na hakuna shahidi aliye hai, mwone padri wako. Ipo njia ya ubatizo wa sharti, ambao huanza kwa maneno "Kama hujabatizwa".