Kabla ya kupinga hoja, jua ni ya aina gani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwanoa wanafunzi wa sekondari kwa ajili ya midahalo, na ushauri ninaourudia kuliko wote ni kwamba msemaji asikimbilie kuuliza kama hitimisho la mwenzake ni kweli. Aulize kwanza kama linatokana na madai aliyoyatanguliza.

Huwa naandika ubaoni: samaki wote huishi baharini, sato ni samaki, kwa hiyo sato huishi baharini. Darasa hucheka, kwani sato wa Ziwa Victoria wanamjua vizuri. Hata hivyo hoja hiyo ni halali. Uhalali ni suala la umbo: madai ya awali yangekuwa kweli, hitimisho lisingeweza kuwa uongo. Kasoro imo katika dai la kwanza, na hapo ndipo mpinzani anapopaswa kuelekeza nguvu zake.

Kinyume chake ni hiki: kila mkazi wa Moshi anaishi Tanzania, Asha anaishi Tanzania, kwa hiyo Asha ni mkazi wa Moshi. Madai yote mawili yanaweza kuwa kweli, na Asha akawa mkazi wa Mtwara. Umbo likikutatiza, futa majina, weka herufi mahali pake, kisha jaza majina mengine uone kama unaweza kupata madai ya kweli yenye hitimisho la uongo. Ukiweza hata mara moja, hoja si halali.

Sasa tazama hoja inayosikika majumbani mwetu: mwenye malaria hupata homa, mtoto huyu ana homa, kwa hiyo ana malaria. Umbo lake ni lile lile la Asha, ingawa hapa hakuna anayecheka. Homa huletwa pia na nimonia, homa ya matumbo na maambukizi ya njia ya mkojo, na ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Lakini muuguzi anayesema, “Huenda ni malaria, tumpime,” hajakosea hata kidogo, ingawa ameanza na madai yale yale mawili. Yeye hadai kwamba hitimisho ni la lazima. Anatoka kwenye dalili kwenda kwenye sababu inayoelekea zaidi, aina ya hoja ambayo mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce, aliipa nafasi yake kando ya zile mbili zilizozoeleka, yaani ile ya hitimisho la lazima na ile ya kukusanya mifano. Kipimo kisipoonyesha kitu, hoja hubadilika tena: angekuwa na malaria, kipimo kingeonyesha, hakikuonyesha, kwa hiyo hana. Hii ni halali kabisa kwa umbo, ila dai lake la kwanza lahitaji kuchunguzwa, kwa kuwa vipimo vya haraka vinaweza kukosa kuona vimelea vilivyo vichache mno.

Kwa hiyo sikiliza maneno “lazima” na “huenda” kabla ya kusimama kujibu. Msemaji akisema “huenda”, kumwambia kwamba hajathibitisha ni kupoteza dakika zako, na majaji makini hulitambua hilo haraka.

Imebaki hoja ya kukusanya mifano, ambayo wanafunzi huidharau bila sababu, ilhali mkulima anayepanda mwezi Machi akitegemea masika hana nyingine. Hoja hii haipimwi kwa uhalali bali kwa nguvu. Mtu akikuambia kwamba mbegu fulani inastawi wilaya nzima kwa sababu imestawi kwa majirani zake watatu, usimdai uthibitisho usiopingika; muulize mashamba hayo yako wapi na yanapata maji kutoka wapi. Kama yote matatu yanamwagiliwa na mfereji mmoja, bado hajakuambia lolote kuhusu wakulima wa mlimani wanaongoja mvua.