Petroli inanuka lakini huoni inapotoka: kwa kijana anayeanza gereji

Mteja hatakuambia mfumo wake wa mafuta unavuja. Atakuambia, "Fundi, gari linanuka petroli," au, "Siku hizi linakunywa mno." Huyu wa pili mwogope zaidi. Huenda mafuta hayanywewi na injini kabisa: yanamwagika barabarani au yanaingia kwenye oili, na mwenyewe ameshaizoea harufu hata haisikii. Usikimbilie spana. Mhoji kwanza. Linanuka asubuhi kabla ya kuwashwa, au likishachemka? Ni baada ya kujaza tanki, au hata likiwa na robo? Harufu iko ndani au nje? Na nani alilishika mara ya mwisho, akafungua nini? Hilo la mwisho uliza kwa upole, maana kuna siku jibu litakuwa gereji yenu wenyewe.

Mimi lilinikuta. Nilikuwa mwaka wa pili gerejini, ikaja Corolla NZE121 ya mama mmoja mwalimu. Harufu ndani ya gari. Nikalipandisha jeki, nikaweka stendi, nikaingia chini, nikakuta unyevu kwenye bomba karibu na tairi la nyuma. Mpira wa hapo ulikuwa mzee kweli, una nyufa. Nikaubadilisha, nikajisifu. Siku nne baadaye karudi. Nikabadilisha klipu zote. Karudi tena, safari hii hata salamu aliitikia kwa shida. Fundi mkuu wangu hakunigombeza. Alinyanyua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha bati kilicho chini yake, akasema, "Nusa hapo."

Juu ya tanki, kuzunguka mdomo wa pampu ya mafuta, vumbi lilikuwa limelowa limekuwa tope. Mwezi mmoja nyuma sisi wenyewe tuliibadilisha ile pampu, tukarudishia oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, ya zamani kwa sababu mpya haikupatikana siku hiyo. Oringi iliyokaa miaka kwenye petroli na mvuke wake huvimba. Ukishaitoa, haikai tena sawasawa kwenye mfereji wake. Tanki likiwa nusu, huoni kitu. Lakini yule mama alikuwa anajaza mpaka juu kila Jumatatu. Gari likipanda mlima au kukata kona, petroli inapanda, inapenya pale, inateremka ubavuni mwa tanki, inatambaa juu ya bomba, kisha inadondokea palepale nilipoona unyevu. Mpira niliouweka haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la kuamini tone.

Kwa hiyo ukiona tone, usifungue chochote. Mafuta huteremka, na gari likiwa mwendoni upepo huyasukuma nyuma. Fuata unyevu kwenda juu na kwenda mbele mpaka ufike sehemu ambayo juu yake pamekauka. Hapo ndipo pa kutilia shaka. Petroli ina tabia ya kukauka kabla hujafika, basi tafuta nyayo zake: doa la manjano au kahawia kwenye kiungo, au mstari msafi katikati ya vumbi, kana kwamba mtu amepitisha kidole. Dizeli ni kinyume chake. Haikauki upesi, inakusanya vumbi, kwa hiyo tafuta panapong'ang'ania uchafu.

Kama kote kumelowa, safisha, kausha, halafu paka unga wa chaki kwenye viungo unavyovishuku. Penye tatizo chaki itabadilika rangi mapema. Kwenye gari la nozeli, yaani linalopuliza petroli kwa presha badala ya kutumia kabureta, mwambie mwenzako afungue swichi bila kupiga stata. Pampu nyingi huzunguka kama sekunde mbili kisha zinakata, hivyo afunge na kufungua mara nne au tano ili presha ijae, wewe ukiwa na tochi na macho yako pale. Usipoona kitu, tandika boksi safi chini ya gari, liache lilale. Mipira iliyokakamaa huvuja asubuhi ya baridi, kisha injini ikipata joto inatanuka na kujiziba. Mteja anakuletea gari saa sita mchana, unakuta pakavu, unamwona mwongo. Kumbe ni saa tu hamjakubaliana. Maji ya AC nayo yasikuchanganye. Chovya kidole, nusa.

Sasa kabla hujashika spana. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse hali ya hewa yetu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hivi au zaidi, kwa hiyo haupandi ukapotea. Unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la gereji. Gari linalovuja petroli usilifanyie kazi juu ya shimo. Lisukumeni kwa mikono mpaka nje penye upepo, mbali na anayechomelea, mbali na mama ntilie na jiko lake la mkaa. Tupa ile taa ya balbu ya kuning'iniza, maana ikianguka ikapasuka tu, waya wake mwekundu unatosha kuwasha moto. Tumia tochi ya LED, na uiwashe kabla hujasogea. Simu iache mezani. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa unga au povu, uwe umbali wa kuufikia kwa hatua mbili, na uwe na presha, siyo pambo la ukutani. Maji usiyafikirie, petroli huelea juu yake na moto unasafiri nao. Tunaofanya kazi Morogoro hatuhitaji kukumbushwa sana. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, ikalipuka. Walikufa zaidi ya 100.

Halafu presha. Kabureta inafanya kazi na presha ndogo sana, ndiyo maana wazee wetu walikuwa wanachomoa mpira na kuuziba kwa kidole. Gari la nozeli lina bar 3 hivi (bar ni kipimo cha presha), na linaendelea kuzishika hata baada ya kuzimwa. Ukilegeza nati bila kuitoa presha, petroli inakurukia usoni, na injini ikiwa ya moto unajua kinachofuata. Chomoa fyuzi au plagi ya waya ya pampu, washa injini iache ijizime yenyewe, piga stata tena kidogo, kisha toa betri ukianza na hasi. Hata hapo, zungushia kiungo tambara kabla ya kulegeza. Injini za D-4, zile za petroli za Toyota zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na dizeli za komoni reli, ambazo nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, ni habari nyingine kabisa: upande wa presha kubwa hupimwa kwa makumi na mamia ya bar, na dizeli za komoni reli nyingi zinavuka 1,000. Usipitishe mkono kutafuta mvujo pale injini ikiwa inazunguka. Kijito chembamba kuliko uzi kinatoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kama cha sindano, lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama hakiumi. Mgeni kwenye kazi hii, upande huo mwachie mkubwa wako.

Na kunyonya petroli kwa mdomo, acha leo. Najua kila mtu anafanya. Inayoua si ile unayoimeza, ni ile kidogo inayoingia kwenye mapafu. Akinywa mwenzako, usimtapishe, mpeleke hospitali.

Marekebisho yenyewe ni mepesi ukishapata chanzo. Mpira wa mafuta usinunue kwa unene peke yake. Soma maandishi ubavuni: wa kabureta mara nyingi umeandikwa SAE 30R6 au 30R7, wa nozeli uwe 30R9. Wa kwanza ukiufunga kwenye presha ya nozeli utavimba, siku moja utapasuka. Mpira wa maji usiutie hapo hata kama umeingia vizuri. Klipu za kuzungusha zenye mianya hukata mpira ukikaza kwa hasira. Kwa nozeli tafuta zile laini zinazobana duara zima. Washa za kopa kwenye filta na oringi za nozeli ni za kutumika mara moja. Oringi ilainishe kwa tone la oili safi kabla ya kuisukuma, isije ikajikunja na kukatika ndani. Viungo vya plastiki vya kubofya vikilia "tik", vuta kwa mkono uhakikishe. Silikoni usipake popote petroli inapogusa, inaimung'unya. Tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo haina kazi kwenye nati za bomba la mafuta. Kinachoziba pale ni chuma kwa chuma, na vipande vya tepu vinaenda kuziba nozeli.

Tanki lililotoboka kwa jiwe, dereva aliyekwama porini anaweza kupaka sabuni ya kipande na ikamfikisha. Ni ujanja wa kweli, nimeuona ukishika mchana mzima. Ila lisiondoke gerejini kwako na sabuni. Na usikubali kulichomelea kwa sababu eti limemwagwa petroli yote. Tanki tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake kuna mvuke umechanganyika na hewa, tayari unasubiri cheche. Badilisha tanki, au lipeleke kwa anayejua kulisafisha mpaka mvuke uishe.

Kuna mivujo miwili haidondoshi chochote, na ndiyo inayotuabisha. Wa kwanza ni wa dizeli. Hiace ya zamani inagoma asubuhi, inapigwa stata mpaka betri inachoka, ikishawaka inakwenda siku nzima. Watu wanabadilisha plagi za moto, wanapeleka pampu kupimwa. Wakati mwingine ni upepo tu. Pampu ya injini hiyo inanyonya mafuta kutoka kwenye tanki, kwa hiyo penye tundu upande wa kunyonya hapatoki mafuta, panaingia hewa. Usiku mafuta yanarudi kwenye tanki. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, utaona mapovu yakipita. Anzia kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Raba yake ya ndani huchoka mapema.

Wa pili, nozeli ya petroli isiyofunga, au dayaframu (utando wa ndani) ya pampu ya mafuta ya kizamani iliyochanika. Mafuta yanashukia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: kiwango kimepanda badala ya kushuka, na ukinusa unasikia petroli. Usiliwashe tena gari hilo mpaka urekebishe chanzo na umwage oili yote.

Ukimaliza, rudisha presha kwa swichi, angalia, washa, angalia tena likiwa limechemka. Yule mama mwalimu tulimwomba aliache usiku mmoja likiwa na tanki limejaa mpaka shingoni. Asubuhi fundi mkuu aliokota boksi kutoka chini, akaligeuza pande zote mbili, akanipa nilinuse. Halafu ndipo akasema, "Haya, mpigie."