Kibarua, andika saa zako

Mwaka 2014 nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha plastiki kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakuwa tumeshajaa getini. Supavaiza anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye fulana nyekundu. Asiyenyooshewa anarudi Ukonga kwa miguu, maana nauli ya kurudia ilikuwa itoke kwenye malipo ya jioni.

Ukichaguliwa unaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, katikati unapewa saa moja ya kula. Malipo shilingi 4,500. Jioni tunapanga foleni dirishani kusaini. Ile karatasi naiona hadi leo: safu ya jina imejazwa, safu ya tarehe imejazwa, safu ya kiasi iko wazi. Tulisaini hivyo hivyo. Nyuma yako kuna watu wamechoka, wanataka kuwahi daladala, ukiuliza swali wanaanza kukuguna wao kabla ya keshia.

Niliamini pesa ile ni ndogo lakini ni halali. Kima cha chini cha viwandani kwa amri ya mshahara ya 2013 kilikuwa 115,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 unapata kama 4,423, kwa hiyo mwajiri alikuwa hata ametuzidishia kidogo. Nilikuwa namtetea kwa hesabu hiyo! Dada mmoja wa chama cha wafanyakazi tuliyekutana kwa mama ntilie akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, hiyo hela ni ya saa ngapi?"

Kima cha chini ni cha saa 45 kwa wiki. Hicho ndicho kiwango cha juu cha kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kila saa inayozidi hapo ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu. Sisi tulifanya saa 11 kwa siku sita, yaani 66. Saa 21 zilikuwa za ziada. Tulipiga hesabu pale pale mezani nyuma ya kadi ya vocha: kwa 590 kwa saa (ile 4,423 mara siku sita, gawa kwa saa 45), na zile 21 za ziada mara moja na nusu, wiki yangu ilikuwa na thamani ya shilingi 45,000 na ushee. Nilikuwa napokea 27,000. Elfu kumi na nane kila wiki ilikuwa inabaki kiwandani, na kodi ya chumba changu nilikuwa nakopa. Tena sheria hairuhusu ovataimu kupita saa 50 katika wiki nne. Sisi tulifika 84.

Siku ile nikanunua daftari la kurasa 48. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nilicholipwa, jina la supavaiza wa zamu. Mistari mitano kila jioni kabla ya kulala, hata umeme ukiwa umekatika.

Baada ya miezi 14 niliambiwa getini nisirudi. Hakuna barua, hakuna sababu. Hapo nikafanya kosa ambalo nakuomba usilifanye: nilikaa nyumbani nikisubiri waniite. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ilikuwa siku ya 41. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30. Muda ulishanipita. Kilichoniokoa ni kwamba madai mengine, kama ya mshahara na ovataimu, yana siku 60.

Mwakilishi wa kiwanda alisema hanifahamu, mimi ni kibarua tu wa siku moja moja. Lakini sheria inasema ukimfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unachukuliwa kuwa mwajiriwa wake hadi yeye athibitishe vinginevyo. Na mwajiri asipoleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Mimi niliweka daftari mezani. Msuluhishi alilifungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akawaomba na wao walete karatasi zao. Walileta zile zenye safu tupu. Tukamaliza kwa makubaliano. Sikupata chote, nilipata 600,000, na nilitoka mle nimenyooka mgongo.

Serikali ilipopandisha kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, vijana wengi walinipigia wakiuliza kwa nini wao hawajaongezwa. Ndugu zangu, hicho si chenu. Sekta binafsi ina amri yake, na kila sekta ina kiwango chake: kiwanda mbali, ulinzi mbali, kazi za ndani mbali. Uliza kiwango cha sekta yako ofisi ya kazi ya mkoa kabla hujakubali neno la supavaiza. Ukikatwa mchango wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nenda na kitambulisho ukaangalie kama michango inafika kweli. Sehemu yako haitakiwi kupita asilimia 10.

Safu ya kiasi ikiwa tupu, ijaze mwenyewe kwa kalamu kabla hujasaini. Wakikukataza, andika kwenye daftari kwamba walikukataza, na saa ngapi. Na ukiambiwa usirudi, kesho yake asubuhi uwe CMA ukiulizia Fomu Namba 1, ile ya kufungulia mgogoro. Kufungua mgogoro hakuna malipo, unahitaji nauli tu.