Nikague Nini Kabla ya Kununua Kinanda cha Analogi cha Zamani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga kinanda wa kwaya. Kuna muuzaji mwenye Roland Juno-106 iliyoletwa kutoka Japani, naye anasema haina tatizo lolote. Naipenda sana sauti yake, lakini ilitengenezwa kabla sijazaliwa. Nikague nini kabla ya kulipa, na je, itanifaa ibadani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hakijachomekwa kwenye umeme, soma kibandiko cha nyuma. Vinanda vilivyouzwa Japani hutumia volti 100, na umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo bila transfoma ya kushusha umeme utakiunguza siku ya kwanza.

Linalohitaji subira zaidi ni kukagua sauti zenyewe. Juno-106, iliyotoka mwaka 1984, ina sauti sita, maana yake haiwezi kulia noti zaidi ya sita kwa pamoja, na kila sauti hupita katika chipu yake yenye namba 80017A, ambamo mna kichujio (kinachoifanya sauti ing'ae au iwe nzito) na sehemu inayopandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Chipu hizo zilifunikwa kwa gundi ngumu ambayo, kadiri miaka inavyopita, huanza kupitisha umeme pasipotakiwa. Hapo sauti moja hunyamaza, hukwaruza, au huendelea kuvuma hata baada ya kuachia kibonyezo. Mpigaji wa haraka anaweza asitambue, kwa sababu kinanda huzungusha sauti hizo kwa zamu, na kasoro husikika mara moja tu katika kila noti sita. Kwa hiyo shikilia kitufe cha Key Transpose huku ukiwasha, kisha piga noti mojamoja polepole: kioo kitakuonyesha namba ya sauti inayolia. Zima korasi (kikorombwezo kinachoinenepesha sauti) wakati wa ukaguzi, kwani utamu wake huficha mengi, na ukiache kinanda kikiwaka nusu saa kabla ya kurudia.

Ukikuta sauti moja imekufa, usikubali kuambiwa kwamba ni kazi ndogo. Mwambie muuzaji aitengeneze kwanza. Fundi hulazimika kuyeyusha lehemu, kuitoa chipu na kuiloweka katika asetoni kwa siku kadhaa ili gundi ibanduke, au kuagiza chipu mpya za kubadilishia, na ubao wa umri huo huharibika upesi kwa moto wa lehemu.

Uliza pia kuhusu betri ya ndani inayohifadhi kumbukumbu ya mipangilio 128 ya sauti. Kabla ya kuibadilisha, rekodi kumbukumbu hiyo kupitia tundu la kaseti lililo nyuma. Kompyuta yenye tundu la kupokea sauti inaweza kuipokea kama sauti ya kawaida.

Ikiwa mambo hayo yako sawa, mimi ningekinunua bila kusita. Tuni yake haiyumbi kama ya vinanda vingi vya analogi vilivyokitangulia, kwa kuwa kimo cha noti huongozwa na mapigo ya saa ya kidijitali iliyo ndani yake. Ila hakitambui nguvu ya kidole: ukigusa kwa upole au kwa nguvu, ukubwa wa sauti ni uleule, hivyo hisia ya wimbo utaitia kwa kusogeza kitelezo cha kichujio unapopiga. Tena usiongeze mno muda wa noti kufifia, la sivyo mkono wa kushoto utaanza kukata noti za mkono wa kulia. Kwa tenzi za polepole, besi ya noti moja na kodi ya noti nne zinatosha, na bado utabaki na sauti moja ya akiba.