Kabla Hujanunua Ploti ya Uzeeni

Tangu nistaafu, wenzangu wanaosubiri kiinua mgongo huniuliza wakajenge wapi: Kisumu, Nakuru au Kakamega? Wengi hutaka niwatajie mahali pasipo na hatari. Sipajui. Mimi huwauliza tu: janga la hapo likipita, litakuachia shamba lako au litaondoka nalo?

Tulipokuwa tukitafuta, dalali alitupeleka uwanda wa Kano, karibu na Ahero. Kilikuwa kiangazi, ardhi tambarare, lami karibu, bei ya kuvutia. Mke wangu hakujishughulisha na ploti. Alikwenda kumwamkia mama jirani, akamwomba amwonyeshe maji ya mwaka 2020 yalifika wapi. Mama akagusa ukuta, juu ya kiuno. Dalali aliendelea kusifu rutuba, na kweli rutuba ipo: Mto Nyando huileta na matope yake kila unapofurika. Maji hayo hutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho, kwa hiyo kwako kunaweza kukauka kabisa na bado ukaamka godoro limelowa. Budalang'i kuna kuta za kuuzuia Mto Nzoia, lakini zimewahi kubomoka, tena si mara moja.

Ziwa naliogopa kuliko mto. Mto hufurika ukapungua. Ziwa likipanda hukaa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifunika ufuo wa Dunga pale Kisumu. Ziwa Nakuru nalo limekuwa likipanda tangu miaka ya 2010, na watu wa Mwariki wamehama nyumba zao. Hati miliki unayo kabatini, shamba liko chini ya maji. Utamuuzia nani?

Nakuru si ziwa tu. Tetemeko la Subukia la Januari 6, 1928, lenye ukubwa wa takriban 6.9, ndilo kubwa zaidi kuwahi kupimwa nchini. Hilo halinikimbizi: jenga nyumba ya chini, linta ya zege yenye nondo izunguke kuta zote, basi. Ninachokikimbia ni ploti zenye nyufa za ardhi, ambako mvua kubwa hufungua mashimo. Fundi akikuambia atafukia kwa kifusi, mwachie kifusi chake. Halafu inua macho utazame mlimani. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba la watu binafsi lilipasuka kule Solai na kuua zaidi ya watu 40 waliokuwa wakiishi chini yake.

Sisi tulijenga Kakamega, mahali penye mwinuko. Radi huko hazina mchezo, na mvua ya mawe pia, ila chuma cha kukinga radi kina bei inayojulikana, unalipa mara moja. Bati likitobolewa hubadilishwa.

Tena pima na umri wako. Kijana husikia maji saa nane za usiku akapanda juu ya mti. Wewe na magoti yako mtakwenda wapi, na boda boda gani itapita kwenye matope hayo kukupeleka hospitali?

Basi dalali akikuita Januari, mwambie utakuja Aprili, masika yakiwa yamekolea. Nenda na gambuti. Akianza kutoa visababu, nunua kwingine.