Haikuwa kwa sababu yenu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nakuna nazi, nikadhani unaniuliza habari za viza tu: mkwe wangu kapata nafasi ya shahada ya uzamivu kule Ames, Iowa, Marekani, na wewe hujui umfuate au ubaki na kazi yako. Mara ya tatu ndipo nikalisikia swali lenyewe, lile ulilolipitisha haraka mwishoni kama mtu anayeaga. "Mama, siku ile Madison ulisema umebaki mjinga kwa sababu yetu. Ulimaanisha?"

Sikujua kama unakumbuka. Ulikuwa na miaka kumi, tumemfuata baba yenu masomoni kule Wisconsin.

Mimi nakumbuka mpaka saa. Ilikuwa Julai 2014, saa mbili na robo usiku, na jua bado lipo dirishani. Miaka saba nilikuwa nimewachorea ubaoni watoto wa Morogoro dunia iliyoinama, nikiwaambia Juni 21 jua huwa la utosi Tropiki ya Kansa, na kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo mchana unavyorefuka. Nimesahihisha mitihani ya jambo hilo. Lakini Madison iko nyuzi 43 kaskazini, mchana wa Juni unapita saa 15, na hakuna kitabu kilichonifundisha namna ya kuwalaza watoto wawili wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba bado ni mchana. Huku nyumbani muda huo ni kipupwe, watu wamevaa masweta, jua limezama saa kumi na mbili na nusu, kila mtu amekula ametulia.

Na likizo ya shule za kule unaikumbuka. Wisconsin shule za serikali kwa kawaida hazifunguliwi kabla ya Septemba 1, kwa hiyo mkifunga katikati ya Juni nilikuwa nanyi wiki 11 mfululizo. Kambi za watoto zilikuwepo, ila bei zake zilitaka nyumba yenye mishahara miwili. Sisi tulikuwa na posho moja ya baba yenu.

Kila Juni niliandika malengo kwenye lile daftari la kijani. La mwaka ule lilikuwa na manne: kujifunza kuendesha gari, kuogelea, kutafuta shahada ya pili, na kumaliza kitabu changu cha mazoezi ya Jiografia. Usiku ule nilikuwa nimepata saa moja ya kuandika. Mdogo wako akamwaga maziwa juu ya daftari, wewe ukacheka, nami nikayasema niliyoyasema. Mlinyamaza wote wawili. Nikaenda bafuni nikafungua maji ili msinisikie.

Sasa nakujibu. Nilimaanisha hasira, ila mlango niliobisha haukuwa wenyewe. Aliyenikalisha nyumbani hamkuwa ninyi. Ilikuwa karatasi iliyobandikwa ndani ya pasipoti yangu, F-2, viza ya mwenza wa mwanafunzi. Mwenye hiyo haruhusiwi kazi ya mshahara, hata ya kufagia. Kusoma nako, nilipofika 2012, mtu mzima aliachiwa masomo ya kujifurahisha tu. Ruhusa ya masomo ya muda usio kamili kuelekea shahada ilikuja 2015. Mimi mwenye cheti cha ualimu na wanafunzi zaidi ya mia mbili kwa mwaka, nikawa mtu ambaye kwenye kila fomu anaandikwa chini ya jina la mume. Karatasi huwezi kuifokea. Watoto wapo karibu.

Baba yenu sikumfokea pia, na labda ndipo nilipokosea zaidi. Alikuwa anachunguza fosforasi kwenye udongo wa mashamba. Fosforasi ya mbolea na samadi ndiyo inayoteremka mpaka Ziwa Mendota la pale Madison, inalisha mwani, maji yanageuka kijani kama mboga ya kisamvu, ufukwe unafungwa. Mara ngapi tumefika na mataulo yetu tukakuta kibao! Nilikuwa namwambia, utafiti wako umetufukuza tena. Tukacheka. Kumbe kule kucheka ndiko kulikokuwa kunanisaidia kutosema neno lingine.

Usidhani nilikuwa mfungwa. Pale Eagle Heights, kwenye nyumba za wanafunzi wenye familia, tulikuwa na kijishamba cha kukodi kando ya mama wa Kikorea aliyenifundisha kuotesha pilipili ndani kabla theluji haijaisha. Kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka 38, kwenye maji ya kunifika kifuani, huku wewe ukinishika kidevu. Leseni ya gari niliipata mwaka uliofuata. Siku zile sikuziita hasara, na leo siziiti. Lakini kitabu kilisimama ukurasa wa 41, na shahada ya pili ikaishia kwenye somo moja la ramani za kompyuta, kwa kuwa mlango ulipofunguliwa ada ilikuwa imesimama nyuma yake. Niliporudi kazini 2017, kutoka likizo bila malipo, mwalimu niliyempokea akiwa wa mazoezi alikuwa mkuu wa idara yangu. Alinisalimia shikamoo, kwa adabu zote. Iliuma hivyo hivyo.

Kwa hiyo usininukuu kwamba mama alikaa na ikawa sawa. Ilikuwa sawa kwenu, kwangu ikawa nusu.

Ukienda, viza itakuwa ile ile. Kaeni na mwenzio mezani kabla hamjakata tiketi, mhesabu ada ya somo moja kwa muhula na nani atashika mtoto jioni hizo, na ayaandike hayo kwa mkono wake. Wewe bado huna watoto wa kukaa nao wiki 11, lakini mwenye mimba ya miezi minne asijidanganye. Omba likizo bila malipo kazini kwako kwa maandishi, usiache kazi kwa mdomo. Ukibaki, sitakulaumu, na bibi yako nitamkabili mimi.

Daftari lipo kwenye sanduku la bati, limeganda kurasa za maziwa. Ni lako ukilitaka.

Halafu mboga. Mchicha wa kule hauoti bustanini tu, unaota popote, wao wanauita gugu na kuung'oa. Yule jirani wa Kikorea alinitazama nikiokota rundo alilolitupa, siku ya pili akaja na bakuli kuonja wa karanga. Utautambua mwezi wa saba, shina jekundu karibu na mzizi. Ila Iowa ni mahindi na soya kila upande. Usichume pembeni ya shamba, wanapuliza dawa.

Mama yako